Baba Kapanda Gari la Nani

14 Septemba

Daktari amesema niwe naandika. Baba akisahau jambo, niandike. Akikasirika bila sababu, niandike. Akilala mchana akakesha usiku, niandike. Haya, daktari, naandika. Leo asubuhi Baba alivaa suti na tai, akakaa sebuleni na begi mapajani, akaniuliza kama abiria wote wameshapanda. Nikamwambia wote wamepanda. Akauliza mbona basi haliondoki. Nikamwambia dereva anamalizia kahawa. Akacheka, akasema, "Dereva ni mimi, mwanangu," kisha akavua tai.

Hakukosea. Alikuwa dereva kweli, enzi zile za chama cha kikomunisti, akiwapeleka wafanyakazi wa viwanda kwenye matembezi ya mapumziko: Gjirokastra kuona ngome, Korça kunywa bia, Pogradec kuogelea ziwani, mwisho Shkodra kuona ziwa jingine na ngome nyingine, halafu kurudi kwetu Berat. Miaka thelathini alizunguka njia hiyo hiyo. Sasa ana miaka sabini na tisa na choo cha nyumba yake mwenyewe anakitafuta, lakini muulize kona za mlima wa Leskovik, atakutajia moja baada ya nyingine.

15 Septemba

Wamekuja wageni wawili kutoka Uholanzi. Baba amenuna kutwa kwa sababu niliwaomba pasi zao mlangoni. Kwake yeye mgeni haulizwi jina kabla hajakaa, hajala na hajalala. "Umekuwa polisi, Ermira," ameniambia. Mimi nina vyumba vinne vya kulipia hapa chini ya ngome, na hao polisi wenyewe ndio wanaoyataka majina. Mwambie Baba hivyo uone.

19 Septemba

Mvua ya kwanza. Zabibu za uani zimekwisha kuchumwa. Baba alikula nyingi kuliko alizotia kapuni.

23 Septemba

Baba hayupo.

24 Septemba

Jana sikuweza kuandika zaidi ya hapo. Leo najilazimisha, maana mikono ikikaa bure nitajing'oa nywele.

Asubuhi ya jana nilikuwa uani kwa jirani yangu Zenepe, tunapika raki ya mwaka huu kwa makapi ya zabibu. Moto wa raki hauachwi peke yake. Ukizubaa, pipa linaungua na pombe yote inanuka moshi. Nikamwacha Baba mezani na chai na yai. Niliporudi, yai lilikuwepo, chai ilikuwepo, dawa zake za moyo zilikuwepo karibu na sinki. Suti haikuwepo, na begi halikuwepo.

Nilishuka kilima mbio na ndala miguuni. Kila niliyemuuliza alikuwa kamwona. Muuza mkate kamwona, kamsalimia. Fundi viatu kamwona, kamfuta viatu bure. Mwishowe nikamkuta Lefter, mwenye basi dogo la Gjirokastra, karudi safari yake, anakunywa kahawa.

"Nilimpeleka mimi," akasema, tena kwa fahari. "Nilimpa kiti cha mbele."

"Lefter, Baba hajitambui."

"Mbona kanishika mkono vizuri, kaniuliza hali ya matairi? Tai kavaa. Kaniambia, twende kijana, watu wananingoja. Sasa mimi nimuulize mzee wa makamo ya baba yangu anakwenda kwa nani? Ningeanzia wapi?"

"Ungeanza kwa kunipigia simu."

"Sikumtoza hata lekë moja, dada Ermira," akasema, akanitazama kama mtu niliyesahau kumshukuru.

Nilikwenda polisi. Kijana wa zamu akaniuliza Baba alikuwa amevaa nini. Nilipotaja suti, akaweka kalamu chini. "Mzee mwenye tai hajapotea, mama. Kasafiri." Nilitaka kumpiga kibao. Sikumpiga.

26 Septemba, Gjirokastra

Nyumba nimemwachia Zenepe. Nimekuja na benzi kuukuu ya Baba, ambayo heata yake ilikufa zamani.

Nimezunguka mji huu wa mawe tangu asubuhi, mvua inanyesha, njia zinateleza mpaka magoti yameniuma kwa kujizuia. Mchana nikaonyeshwa nyumba ya Bibi Nekie, mwanamke mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, anaishi karibu na ngome. Nilipomwonyesha picha, uso wake ulichanua.

"Mgeni wangu huyu. Kakaa hapa siku tatu. Nilimpa chumba kizuri, kile chenye dari ya nakshi. Nikampikia vidonge vya wali na mnanaa, akala kumi, mashallah."

"Yuko wapi?"

"Kaondoka leo alfajiri."

"Bibi, hakukwambia jina lake?"

"Sikumuuliza."

"Wala alikotoka?"

Akanitazama kutoka viatuni mpaka usoni. "Mwanangu, wewe ulilelewa na nani?"

"Na huyo mgeni wako," nikasema.

Akanikalisha. Aliposikia habari yote alishika shavu, lakini majuto sikuyaona. Mzee alisema watu wanamngoja Korça, kwa hiyo mpwa wa Bibi alimsindikiza mpaka kituoni, akamkatia tiketi, akampa na soksi za sufu kwa ajili ya baridi ya huko. Yaani wamemvalisha, wamemlisha, kisha wamempeleka mbali nami zaidi, na wote roho zao ni nyeupe kabisa. Niliwachukia. Wali wao niliula huku nalia, na nilikula mwingi.

27 Septemba

Njia ya Leskovik. Kona zote alizonitajia utotoni zipo. Yeye hayupo.

29 Septemba, Korça

Nimechapisha picha yake, kubwa, na juu nimeandika AMEPOTEA na namba yangu ya simu. Nimebandika kwenye nguzo na kuta za mji mzima, vidole vimeganda kwa gundi. Nilikuwa nimezibandika Përmet na Ersekë pia nilipopita.

30 Septemba

Simu imelia tangu asubuhi. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Ersekë.

"Pole sana, mwanangu. Maziko ni saa ngapi?"

Ya pili, rambirambi. Ya tatu, rambirambi. Nimekuwa mjinga gani mimi? Nguzo za kwetu ni za wafu. Tangu utoto wetu, picha ya mzee kwenye nguzo ni mtu aliyekufa, jina lake, umri wake, saa ya maziko, familia inayolia. Nani atasoma maneno ya juu? Mtu anaona picha, anavua kofia, anapita. Nami nimetembea na ndoo ya gundi nikimtangaza baba yangu maiti kuanzia Përmet mpaka Korça.

Mzee mmoja wa Përmet alipiga huku analia. Aliwahi kupanda basi la Baba na mke wake walipokuwa wamefunga ndoa tu. "Alitupigia honi mpaka mlango wa hoteli," akasema. "Mke wangu kila mwaka alikuwa anaikumbuka honi ile." Nikamwambia Baba hajafa. Akasema hivyo ndivyo wote tunavyojisikia mwanzoni.

4 Oktoba, Korça

Leo nimempata Koço, mwokaji mikate wa mtaa wa sokoni, mtu mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Baba alikuwa kwake siku zile zile nilizokuwa nabandika. Tulipishana kwa mtaa mmoja.

"Alikuwa anaamka nami," Koço akasema. "Anakaa karibu na tanuri, ananisimulia barabara za nchi hii. Siku moja tukatoka nje, akasimama mbele ya nguzo hiyo hapo. Kuna picha ya marehemu. Akavua kofia. Akasema, maskini, ana uso wa mtu mwema, sijui watoto wake wana hali gani."

"Na wewe ulitazama picha?"

"Mgeni wangu kasimama kwenye baridi, nami nianze kutazama wafu? Nilimrudisha ndani nikampa pai ya vitunguu."

Nilimshika mkono, nikampeleka mpaka kwenye nguzo. Karatasi ilikuwa imelowa lakini uso ulionekana. Koço alitazama, akatazama, kisha akakaa chini kwenye ukingo wa barabara na aproni yake. Nami hasira niliyokuja nayo ikaniishia, nikakaa pembeni yake.

Akaniambia kwamba siku mbili baada ya kuivulia kofia ile picha, Baba alipanda lori la matofaa kwenda Pogradec. Dereva alimpa kiti cha mbele.

6 Oktoba, Pogradec

Ziwa limetulia. Nimemuuliza kila mtu. Wanainua kidevu kukana, wanasema pole, wananipa kahawa. Kama kahawa ingekuwa habari, ningekuwa najua mambo ya nchi nzima.

7 Oktoba

Mvua. Hakuna.

8 Oktoba

Mvua. Hakuna. Nimekula samaki wa ziwa hili, yule ambaye Baba alikuwa anatuletea amefungwa kwenye gazeti. Mtamu kama zamani, nikaona haya kuusikia utamu wake.

9 Oktoba

Polisi wa hapa ameniuliza kama Baba anajua kuogelea. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anauliza tu.

13 Oktoba

Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote, na niiandike upesi nisije nikaikimbia.

Walinipigia asubuhi. Mzee katolewa ziwani karibu na kijiji cha Lin. Umri unalingana, hana karatasi yoyote mwilini. Nikaenda na miguu yangu mwenyewe mpaka chumba cha maiti cha hospitali. Kwenye korido nilimwomba Mungu, mimi ambaye sikufundishwa kuomba, kwa sababu nilizaliwa wakati misikiti na makanisa yote yamefungwa. Sikujua maneno. Nilisema tu, asiwe yeye, asiwe yeye.

Hakuwa yeye. Alikuwa mzee mfupi, ana masharubu meupe, mkono mmoja hauna kidole cha mwisho. Kwa furaha iliyonipata nilikaribia kucheka kwa sauti. Muuguzi akaona. Halafu nikaitazama tena sura ya yule mzee, nikafikiri kwamba mahali fulani yupo binti yake anabandika picha nguzoni, na mimi nimesimama juu ya baba yake nafurahi. Muuguzi akaniletea kiti.

"Si wako?"

"Si wangu."

"Basi nenda kapumzike, dada."

Sikwenda. Nilikaa naye mpaka mchana, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuja. Nilimkata kucha. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani nilikuwa nafanya ili, ikiwa wangu yuko mahali kama hapa, mwingine amfanyie.

20 Oktoba, Shkodra

Nimevuka nchi nzima kuja hapa, kwa sababu kwenye njia yake ya zamani baada ya Pogradec ni Shkodra. Nimeuliza kituoni, hospitalini, makanisani, msikitini, kwenye daraja, chini ya ngome. Nimeuliza hata vijiji vya ukingoni mwa ziwa, ambalo limejaa mpaka linagusa bustani za watu. Picha siitoi tena, nimechoka na rambirambi. "Mmemwona mzee aliyepotea?" Videvu juu, wote. Hakuna mzee aliyepotea.

24 Oktoba

Nimerudi Berat. Nimechoka mpaka ladha ya chumvi siisikii.

3 Novemba

Kaka yangu Bardhyl amepiga simu kutoka Thesaloniki. Yeye ni fundi ujenzi huko, watoto wake hata Kialbania wanakivunjavunja.

"Ermira, mwezi umepita. Usiku kuna baridi. Dawa hana. Tuwe watu wazima."

"Sema unachotaka kusema."

"Tupokee rambirambi. Watu wanauliza. Nitakuja, tutakaa siku tatu kama desturi, mambo yaishe."

"Utazika nini? Tai?"

"Wewe unadhani simpendi?"

"Nadhani umechoka kupokea simu zangu."

Akakata. Najua anampenda. Najua pia kwamba alichosema nami nimekifikiria kila alfajiri, na ndiyo maana nilimjibu vibaya.

8 Novemba

Leo wamekuja. Sikuwaita. Wanawake wa mtaa, nguo nyeusi, kila mmoja na paketi ya kahawa ya matanga mkononi, Zenepe mbele yao macho chini. Picha za nguzoni zilifika Berat kabla yangu. Mtu alipita Përmet, akaona, akaleta habari. Wakaingia, wakakaa kuzunguka ukuta, wakaanza kusema jinsi Rakip, baba yangu, alivyokuwa mtu wa watu.

Niliwaacha waseme. Nilikaa na kuwasikiliza, na aibu yangu ni hii: ilikuwa raha. Kukaa, kushikwa bega, kunywa kahawa isiyo na sukari, kuambiwa imekwisha. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti ya mazishi, ile ya kupanda na kushuka, nami nikafungua mdomo nimfuate. Ndipo nikaziona dawa zake, zipo palepale karibu na sinki.

Nikasimama. Nikasema, "Jamani, asanteni, nendeni makwenu." Wakadhani ni uchungu. Nikasema tena, kwa ukali. Nikazirudisha paketi za kahawa moja moja mikononi mwao mpaka mlango ukafungwa. Hapa kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na sasa hakuna atakayenisalimia sokoni isipokuwa Lefter, ambaye ana deni la moyo.

15 Novemba

Theluji juu ya mlima Tomorri. Hapa chini mvua.

16 Novemba

Mvua.

18 Novemba

Wageni waliokuwa waje wikiendi wameahirisha. Nimefurahi. Sina uso wa kumkaribisha mtu.

21 Novemba

Simu kutoka Gjirokastra. Bibi Nekie. Mpwa wake aliiona namba yangu kwenye nguzo ya Përmet.

"Nataka kujua mgeni wangu kafika salama alikokuwa anakwenda."

"Bibi, nilikwambia. Amepotea."

"Hajapotea. Kwangu hakuwa mtu aliyepotea hata dakika moja. Alikuwa mgeni. Nimewaambia na majirani, aje mtu kuniuliza kuhusu mzee aliyepotea nitamwambia sijamwona, na nitakuwa nimesema kweli."

Baada ya kukata nilisimama katikati ya jiko. Kule Shkodra nilikuwa nimewauliza watu wa kaskazini, ambao mgeni kwao anakaribia kuwa na cheo, kama wamemwona mzee aliyepotea. Nani angekubali kwamba mtu anayekula mezani kwake, anayelala kitandani kwake, amepotea? Ningekuwa namtukana usoni. Miezi miwili nimeuliza swali ambalo kila mtu mwema wa nchi hii lazima alijibu hapana.

23 Novemba, Shiroka

Naandika hii kwenye chumba cha wageni cha nyumba isiyo yangu.

Nilifika kijiji hiki cha ziwa la Shkodra jioni, nimelowa. Nikaingia kwenye mkahawa. Wanaume wanne, karata mezani. Nilikuwa nimekuja hapa Oktoba, nao walikuwa wameniinulia videvu. Safari hii nilisema, "Habari za jioni. Nani hapa kijijini ana mgeni?"

"Gjovalin," wakajibu wote pamoja, kabla hata sijavuta kiti.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Mzee wa kusini, dereva," akasema mmoja. "Kwa nini unauliza? Kama ni kwa ubaya, mama, rudi ulikotoka. Yule ni mgeni wa kijiji kizima."

Nyumba ya Gjovalin iko mwisho wa njia, maji ya ziwa yanafika kwenye ngazi ya chini. Nilibisha hodi. Mlango ulifunguliwa na Baba.

Amenenepa. Amenyolewa vizuri. Alikuwa amevaa sweta nisilolijua na soksi za Bibi Nekie. Aliweka mkono kifuani, akainama kidogo.

"Karibu, binti. Umelowa. Ingia kwenye moto."

Nilimtazama machoni nikingoja. Alikuwa ananitazama kwa huruma, ile huruma njema ambayo mtu anampa yeyote aliyenyeshewa. Hakunijua. Akanivua koti kwa mikono yake, akalitundika, akanisogezea kigoda, akaniwekea raki kwenye glasi ndogo. Wala hakuniuliza kitu.

Mke wa Gjovalin, Prenda, mama wa makamo mwenye mikono mikubwa, alitoka jikoni na sufuria. Akamtazama Baba, akanitazama mimi, akarudi kwa Baba. Tuna pua moja, kila mtu anasema. Akaweka sufuria chini na kujifunika mdomo kwa aproni. Gjovalin naye akaona. Ni mtu mrefu, mkimya. Alisema tu, "Kwanza mgeni ale."

Basi nikala samaki wa kuoka na baba yangu akanitolea miiba. Baadaye jikoni Prenda aliniambia kila kitu kwa kunong'ona. Baba alikuja na lori la makabichi. Walimpeleka kwa daktari mjini, akapimwa moyo, akapewa vidonge, anakunywa kila siku. "Daktari alituuliza jina lake. Tukamwambia ni mgeni wetu. Naye hakuuliza tena, ni mtu wa hapa."

"Mimi nilikuja mwezi uliopita, mama. Nilipita njia hii hii."

"Nilikuona," Prenda akasema, akaanza kulia. "Ulikuwa unatafuta mtu aliyepotea. Nilikuonea huruma sana."

Ningeweza kumchukia. Nilijaribu, sikuweza.

24 Novemba

Asubuhi Baba alinikuta karibu na moto. Alikuwa amevaa suti yake, imepigwa pasi. Akakaa mbele yangu, akanimiminia chai ya milimani, akasubiri ninywe. Sasa nilikuwa nimekula na kulala chini ya paa hili, kwa hiyo alikuwa na haki.

"Sasa nikuulize, binti. Umetoka wapi, na unatafuta nini kwenye mvua zote hizi?"

Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno. Mimi ni Ermira. Mimi ni mwanao. Nyumba yako iko Berat. Yote yalikuwepo tayari, na kwa Kialbania kizuri. Lakini uso wake ulikuwa mtulivu mno, na niliogopa kwamba nikiyasema atanitazama kama mwendawazimu, atamwita Gjovalin, na nitakuwa nimempoteza akiwa mbele yangu.

"Natoka Berat," nikasema. "Namtafuta baba yangu."

Akatikisa kichwa polepole. "Alitoka nyumbani?"

"Alitoka."

"Mlikosana?"

"Hapana. Nilikuwa napika raki."

"Ana umri gani?"

"Sabini na tisa."

"Mtu mzima sana," akasema Baba. Akafikiri. Akasimama, akachukua kofia yake. "Mimi nilikuwa dereva. Njia zote za nchi hii nazijua, na watu wake nawajua. Wewe mtoto wa kike huwezi kuzunguka peke yako, barabara zimelowa. Nitakwenda nawe mpaka tumpate."

Gjovalin alitusindikiza mpaka mwisho wa kijiji, kama inavyotakiwa, akatupa mkate na jibini. Alimkumbatia Baba, wakagusana paji kwa paji. Nami akanishika mkono, akaushikilia muda mrefu.

25 Novemba

Safari ya siku moja imechukua mbili. Kila mji Baba ananiambia nisimame. Lezha alishuka. Kruja alitaka tupande mpaka sokoni chini ya ngome, tukapanda. Elbasan alishuka mara tatu. Anaingia mkahawani, anavua kofia, anasema kwa sauti yake ya kutangazia abiria, "Jamani, yupo aliyemwona baba yake binti huyu? Mrefu, macho ya kijivu, alikuwa dereva." Nilimwambia mimi mwenyewe sura ya baba yangu, aliponiuliza njiani.

Watu wanamtazama yeye. Kisha wanatazama nje, kwenye gari, wananiona mimi. Wanaelewa. Kila mkahawa wameelewa, na hakuna hata mmoja aliyesema. Wanainua videvu.

Anarudi garini, anafunga mlango taratibu. "Hapa hayupo. Usikate tamaa, binti. Mtu hawezi kupotea kwenye nchi yenye watu."

26 Novemba, Berat

Tumefika jana jioni. Mlangoni nilimwambia karibu, sikumwambia neno jingine. Akavua viatu, akaisifu nyumba, akasema ina hewa nzuri. Alilala kitandani mwake kama mgeni, mikono juu ya blanketi. Bardhyl nimempigia. Alilia mpaka simu ikaisha chaji, akapiga tena kuniuliza kama Baba anamkumbuka yeye.

28 Novemba

Siku ya bendera. Mtaa mzima umepambwa kwa nyekundu, na jana Zenepe alikuja na bakuli la halua, akaniomba radhi, nikampokea. Nilidhani leo nitapumzika.

Nilipoingia sebuleni alfajiri, Baba alikuwa tayari. Suti, tai, begi mapajani. Dawa alikuwa amekunywa mwenyewe.

"Leo tuanzie Gjirokastra," akasema.

Nikamwambia leo ni sikukuu. Nikamwambia mvua ni kubwa, na mto Osum umejaa. Nikamwambia tumetafuta vya kutosha, tukae ndani, nimpikie pilau. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Shiroka nikaona amenikasirikia.

"Binti," akasema, "baba yako yuko nje, ananyeshewa."

Nimechukua funguo za gari.